Nani Aliihitaji Plagi Idumuyo? Kauri, Risasi na Soko la Vipuri katika Historia ya Plagi ya Injini ya Petroli, 1860–1996

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya jitihada za kurefusha maisha ya plagi ya injini ya petroli tangu mwaka 1860 hadi 1996. Maelezo yaliyozoeleka huhusisha uimara wa plagi na ubora wa malighafi zake: kauri ya kawaida ikaipisha alumina, nikeli ikaipisha platini na iridi. Makala yanabainisha kwamba maelezo hayo yanafaa kwa kipindi cha kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini hayatoshi kwa kipindi kilichofuata. Baada ya vita, maarifa ya kutengeneza plagi bora zaidi yalikuwapo. Kilichokosekana ni petroli isiyoiharibu na mnunuzi mwenye sababu ya kuilipia. Vyote viwili vililetwa na sheria za kudhibiti moshi wa magari nchini Marekani baada ya mwaka 1970. Hoja kuu ni kwamba uimara wa kipuri ni sifa ya mfumo mzima unaokizunguka, na kwamba historia ya uimara haina budi kuuliza ni nani aliyenufaika kipuri kilipokufa mapema.

1.0 Utangulizi

Plagi ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kichwa cha silinda ili kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Katika Kiswahili neno hilo hutumika pia kwa kifaa cha kuchomeka umeme ukutani. Humu linamaanisha plagi ya injini pekee.

Katika miaka ya 1960, ushauri uliozoeleka kwa mwenye gari nchini Marekani ulikuwa kubadilisha plagi kila baada ya maili 10,000 hivi, yaani takriban kilometa 16,000. Magari ya Cadillac ya modeli ya mwaka 1993 yaliyofungwa injini ya Northstar yaliuzwa kwa ahadi kwamba plagi zake zisingehitaji kubadilishwa kabla ya maili 100,000, yaani takriban kilometa 160,000. Hivyo, katika muda wa kizazi kimoja, maisha ya plagi yaliongezeka takriban mara kumi. Ni vipuri vichache vya gari vilivyopata ongezeko la namna hiyo bila umbo la nje kubadilika. Plagi ya 1965 na ya 1993, zikiwekwa mezani kando kwa kando, zinafanana kiasi kwamba asiye fundi huenda asizitofautishe.

Ongezeko hilo ndilo linaloibua swali la makala haya. Je, lilitokana na ugunduzi mpya, au na mabadiliko ya mazingira ambamo plagi ilifanya kazi na kuuzwa? Thomas P. Hughes, katika Networks of Power (1983), aliwataka wanahistoria wa teknolojia wakichunguze chombo kama kiungo cha mfumo, na waangalie sehemu iliyobaki nyuma na kuuzuia mfumo mzima kusonga mbele. David Edgerton, katika The Shock of the Old (2006), alihimiza historia ya matumizi na matengenezo badala ya historia ya uvumbuzi pekee. Makala haya yanaunganisha mielekeo hiyo miwili. Kutoka kwa Hughes yanachukua swali la ni sehemu ipi iliyokuwa ikiuzuia mfumo katika kila kipindi. Kutoka kwa Edgerton yanachukua mkazo juu ya ubadilishaji wa vipuri kama shughuli ya kiuchumi yenye wanufaika wake. Mbinu iliyotumika ni uchambuzi wa nyaraka, hususan hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani zinazohusu biashara ya plagi, pamoja na sheria za moshi wa magari.

2.0 Namna Plagi Inavyokufa

Kabla ya kueleza uimara ni lazima kueleza kifo. Plagi ina sehemu tatu za msingi: elektrodi ya kati inayopokea umeme, gamba la chuma linalojifunga kwenye injini na kubeba elektrodi ya pembeni, na kihami kinachotenganisha sehemu hizo mbili ili umeme usipite isipokuwa kwenye mwanya wa cheche. Mwanya huo kwa kawaida hauzidi sana milimita moja, lakini kuuruka chini ya mgandamizo wa silinda huhitaji maelfu ya volti, pengine zaidi ya 20,000.

Kwa muundo huo, plagi hufa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuharibika kwa kihami: kinapasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto, au kinaanza kupitisha umeme kinapopata moto. Ya pili ni kuchafuka: masizi, mafuta ya kulainishia au chumvi za risasi hutanda juu ya kihami na kuupa umeme njia ya mkato, hivyo cheche haitokei. Ya tatu ni kulika kwa elektrodi: kila cheche hung'oa chembe ndogo sana ya metali, mwanya hupanuka, na hatimaye volti iliyopo haitoshi kuuruka.

Mbunifu wa plagi hufanya kazi kati ya mipaka miwili ya joto. Ncha ya kihami ikiwa chini ya takriban nyuzi 450 za Selsiasi, masizi hayaungui na plagi huchafuka. Ikikaribia nyuzi 900, ncha yenyewe huwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na pistoni huweza kutoboka. Ndiyo sababu kukawa na plagi ziitwazo za moto, ambazo ncha yake ndefu hukawia kupoteza joto, na plagi za baridi, ambazo ncha yake fupi hulipeleka joto upesi kwenye gamba. Plagi inayodumu katika injini moja huweza kufa kwa siku chache katika nyingine. Tangu msingi wake, basi, uimara hauko ndani ya plagi peke yake.

Vifo hivyo vitatu ndivyo vinavyotumika hapa kuigawa historia. Katika kila kipindi, kimoja kati yake kilitangulia vingine na kuamua umri wa plagi. Kilipopatiwa dawa, kilichofuata kilijitokeza.

3.0 Tatizo la Kihami, 1860–1940

Étienne Lenoir alipata hataza ya injini yake ya gesi mjini Paris mwaka 1860. Injini hiyo iliwashwa kwa cheche iliyotokana na koili ya Ruhmkorff, ikipita kwenye elektrodi zilizozungushiwa kauri. Haikugandamiza mchanganyiko kabla ya kuuwasha, na mwendo wake ulikuwa wa polepole. Kwa hiyo mateso ya plagi yalikuwa madogo. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kupata umeme wa kutegemewa. Kwa sababu hiyo Nikolaus Otto, katika injini yake ya mipigo minne ya mwaka 1876, aliwasha kwa mwali wa moto, na Gottlieb Daimler akatumia bomba lililopashwa moto hadi kuwa jekundu. Karl Benz ndiye aliyeshikilia umeme katika gari lake la mwaka 1886.

Uamuzi ulipatikana mwaka 1902, pale kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilipotoa magineto ya volti kubwa iliyobuniwa na Gottlob Honold, pamoja na plagi ya kuambatana nayo. Tangu hapo injini ilijizalishia umeme wake wa cheche, na chanzo cha umeme kikaacha kuwa ndicho kiungo kilichobaki nyuma. Nafasi hiyo ikachukuliwa na kihami.

Kauri ya kawaida hutengenezwa kwa udongo mfinyanzi mweupe, feldispa na kwazi. Feldispa huyeyuka wakati wa kuchoma na kuunganisha chembe nyingine, na hivyo huacha ndani ya kauri sehemu yenye asili ya kioo. Katika sahani au kikombe hilo halina madhara. Katika plagi, sehemu hiyo ya kioo hupoteza uwezo wa kuzuia umeme kadiri joto linavyopanda. Tena kauri hiyo hupitisha joto kwa shida, na kwa hiyo hupasuka upande mmoja unapopoa kabla ya mwingine. Kadiri injini zilivyoongezewa mgandamizo na kasi, kasoro hizo zilizidi kuonekana.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iligeuza usumbufu kuwa suala la uhai. Injini ya ndege hufanya kazi karibu na nguvu zake zote kwa saa nyingi mfululizo, na rubani hana pa kusimama abadilishe plagi. Nchini Uingereza Kenelm Lee Guinness, ambaye alikuwa dereva wa magari ya mashindano, alitengeneza plagi za chapa ya KLG zenye kihami cha ulanga badala ya kauri. Karatasi nyembamba za ulanga zilibanwa kuizunguka elektrodi. Ulanga haukupasuka kwa joto, lakini mafuta yalipenya kati ya karatasi zake. Nchini Marekani, Ofisi ya Taifa ya Viwango ilianzisha utafiti wa kimaabara wa kauri za plagi za ndege, na matokeo yake yakachapishwa na kamati ya taifa ya ushauri wa usafiri wa anga. Katika utafiti huo uwezo wa kihami ulipimwa kwa joto la kazi badala ya joto la chumba pekee.

Baada ya vita, utafutaji ulielekea kwenye madini yenye alumina nyingi. Kampuni ya Champion ya Toledo, Ohio, ilichimba andalusiti katika milima ya White Mountains huko California ili kupata kauri iliyostahimili zaidi. Katika miaka ya 1930 hatua ya mwisho ilichukuliwa pande mbili za Atlantiki: Siemens nchini Ujerumani, na AC Spark Plug mjini Flint, Michigan, ambako mtaalamu wa kauri Helen Blair Bartlett alifanya kazi, walitengeneza vihami ambavyo karibu vyote ni alumina iliyochomwa kwa joto kali hadi chembe zake zikashikamana. Kihami hicho hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya kauri ya kawaida, hubaki kizuizi cha umeme kikiwa cha moto, na hakishambuliwi kwa urahisi na misombo ya risasi. Takriban plagi zote zinazotengenezwa leo hutumia kihami cha jamii hiyo.

Kufikia mwaka 1940, basi, kifo cha kwanza kilikuwa kimepata dawa. Katika sehemu hii ya historia maelezo ya malighafi yanatosha: palikuwa na kasoro ya kitu, na kitu bora zaidi kikapatikana. Hata hivyo, maili 10,000 za miaka ya 1960 zinaonesha kwamba dawa hiyo haikuifanya plagi ya gari la kawaida idumu kwa muda mrefu.

4.0 Tatizo la Risasi, 1921–1945

Mwezi Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, waligundua kwamba kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi katika petroli huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa kwa umma mjini humo mwezi Februari 1923. Faida yake ilikuwa kuruhusu mgandamizo mkubwa zaidi, na kwa hiyo nguvu zaidi kutoka kwa injini ileile. Madhara yake kwa afya yamechunguzwa kwa mapana na watafiti wengine. Madhara yake kwa plagi yametajwa kwa nadra, ingawa kila fundi wa zama hizo aliyajua.

Risasi ikiungua huacha oksidi inayoganda ndani ya silinda. Ili kuiondoa, watengenezaji waliongeza dibromidi ya ethilini, ambayo huigeuza risasi kuwa bromidi inayotoka na moshi. Lakini si yote iliyotoka. Sehemu iliyobaki ilijishikiza kwenye ncha ya kihami. Ikiwa baridi, haikuonesha madhara makubwa. Ikipata moto na kulainika, ilipitisha umeme. Matokeo yake ni kwamba plagi iliyofanya kazi vizuri mjini ilikosa kuwasha silinda pale tu dereva alipopanda mlima au alipoongeza kasi barabara kuu. Kihami cha alumina kiliistahimili risasi pasipo kuharibika, lakini hakikuweza kuizuia isitande juu yake.

Tatizo lilionekana kwa ukubwa wake wote katika ndege. Petroli ya ndege ya daraja la 100/130 iliruhusiwa kuwa na hadi mililita 4.6 za tetraethili ya risasi katika kila galoni ya Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani walilazimika kuongeza nguvu za injini mara kwa mara, hata pasipo haja ya mwendo, ili kuunguza utando huo. Elektrodi za platini, zilizoweza kufanywa nyembamba na hivyo kuacha nafasi ndogo ya uchafu kujikusanya, zilitumika katika baadhi ya injini za kijeshi. Gharama ya matengenezo iliongezeka pamoja na idadi ya silinda. Ndege ya B-36 iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1946 ilikuwa na injini sita, kila moja ikiwa na silinda 28 na plagi mbili kwa kila silinda: jumla plagi 336 za kufungua, kusafisha na kurudisha.

Mambo mawili yanafaa kuwekwa wazi hapa. Kwanza, kuanzia miaka ya 1920 umri wa plagi uliamuliwa kwa sehemu kubwa na wauzaji wa petroli, si watengenezaji wa plagi. Pili, kufikia mwaka 1945 manufaa ya elektrodi nyembamba ya metali adimu yalijulikana kwa wahandisi. Kwamba plagi ya gari la kawaida iliendelea na nikeli kwa takriban miaka 40 zaidi ni jambo linalohitaji kuelezwa kwa sababu nyingine, mbali na kukosekana kwa maarifa.

5.0 Soko la Seti Tano, 1945–1972

Sababu mojawapo iko katika namna plagi ilivyouzwa. Ushahidi wake bora haupatikani katika vitabu vya uhandisi bali mahakamani.

Shauri la kwanza ni la Champion dhidi ya Sanders, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1947. Walioshtakiwa walikuwa wakikusanya plagi za Champion zilizokwisha tumika, wakizisafisha na kuzirekebisha, kisha wakiziuza tena zikiwa na jina la Champion. Kampuni ilitaka jina lake lifutwe kabisa kwenye plagi hizo. Mahakama, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji William O. Douglas, iliruhusu jina libaki, mradi plagi zitambulishwe wazi kuwa zimerekebishwa au zimetumika. Kwa mwanahistoria wa uimara, shauri hilo lina maana zaidi ya haki za chapa. Linathibitisha kwamba palikuwa na soko la plagi zilizofufuliwa, lenye thamani ya kutosha kupiganiwa hadi mahakama ya juu kabisa. Plagi iliyotupwa haikuwa lazima imekufa; mara nyingi ilikuwa imechafuka tu, na mtu mwenye vifaa vichache aliweza kuirudishia uhai.

Shauri la pili ni la kampuni ya Ford dhidi ya Marekani, lililoamuliwa mwaka 1972, nalo kwa hukumu ya Jaji Douglas. Mwaka 1961 Ford ilinunua jina la Autolite na kiwanda chake cha plagi kilichoko Fostoria, Ohio. Serikali ilipinga ununuzi huo kwa sheria za kuzuia uhodhi, na ikashinda: Ford iliamriwa kukiachia kiwanda na kutotengeneza plagi kwa miaka 10. Katika kueleza sababu, hukumu ilianika hesabu za biashara yenyewe. Watengenezaji wa plagi waliwauzia watengenezaji wa magari plagi za kwanza kwa bei isiyozidi gharama au iliyo chini yake, takriban senti sita kwa plagi, na waliishikilia bei hiyo hata gharama zilipopanda mara tatu. Hasara hiyo ilifidiwa katika soko la vipuri, kwa kuwa kila gari lilihitaji takriban seti tano za plagi katika maisha yake, na mafundi walikuwa na desturi ya kurudisha chapa ileile waliyoikuta.

Hesabu hiyo inastahili kuzingatiwa kwa makini. Plagi ya kwanza ilikuwa chambo, na faida ilipatikana katika seti tano zilizofuata. Mtengenezaji ambaye angeifanya plagi idumu mara tano zaidi angefuta mauzo yaliyomlipia hasara ya mwanzo. Mtengenezaji wa gari, kwa upande wake, alikuwa akipata plagi kwa senti sita. Hakuwa na sababu ya kulipia platini. Mwenye gari ndiye aliyebeba gharama, lakini hakushiriki katika uchaguzi: plagi ya kwanza alichaguliwa na kiwanda, na zilizofuata alichaguliwa na fundi.

Hii haina maana kwamba watengenezaji walikula njama ya kuifanya plagi ife mapema. Hukumu ya mwaka 1972 haisemi hivyo, wala makala haya hayadai hivyo. Ndani ya mipaka ya bei hiyo ubora uliendelea kuboreshwa. Tena, risasi iliyokuwamo katika petroli ingeipunguzia platini manufaa yake, kwa kuwa misombo ya risasi huishambulia metali hiyo. Kinachodaiwa ni chembamba zaidi: kwamba katika mfumo huo hapakuwa na hata mmoja kati ya wenye uwezo wa kuamua ambaye angenufaika na plagi idumuyo. Kwa lugha ya Hughes, plagi haikuonekana kuwa kiungo kilichobaki nyuma, kwa sababu mfumo ulikwisha kujipanga kuishi kwa kifo chake.

6.0 Sheria ya Moshi, 1970–1996

Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 nchini Marekani haikuandikwa kwa ajili ya plagi. Ilidai monoksidi ya kaboni na hidrokaboni katika moshi wa magari mapya zipunguzwe kwa asilimia 90, na kwamba kiwango hicho kidumu kwa miaka mitano au maili 50,000. Muda wa kutekeleza uliongezwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo haukubadilika. Njia iliyochaguliwa na viwanda vingi ilikuwa katalisti, kifaa kinachofungwa katika njia ya moshi ili kukamilisha uunguaji, na magari mengi ya modeli ya mwaka 1975 yaliuzwa nayo.

Katalisti ilibadili mazingira ya plagi kwa njia mbili. Ya kwanza inahusu petroli. Risasi huua katalisti, hivyo kuanzia Julai 1974 vituo vikubwa vya petroli nchini Marekani vililazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Japani nayo ilianza kuachana na risasi katikati ya muongo huo. Kifo cha pili cha plagi kikaanza kuondoka, ingawa si mtengenezaji wa plagi aliyekiondoa.

Ya pili inahusu gharama ya kosa. Awali, silinda ikikosa kuwaka, dereva alisikia injini ikitetemeka na akatumia petroli zaidi. Sasa petroli ghafi iliyotoka kwenye silinda hiyo iliungua ndani ya katalisti na kuipasha joto hadi ikayeyuka. Plagi ya senti chache iliweza kuharibu kifaa cha bei kubwa ambacho, kwa mujibu wa sheria, mtengenezaji wa gari aliwajibika nacho. Kwa mara ya kwanza, mmoja wa wenye uwezo wa kuamua akawa na sababu ya kulipia plagi idumuyo.

Risasi ilipoondoka, kilichobaki kuamua umri wa plagi ni kulika kwa elektrodi. Mifumo ya uwashaji ya kielektroniki, iliyoenea katika magari ya Marekani kati ya 1973 na 1975, ilitoa volti kubwa zaidi na hivyo kuvumilia mwanya uliopanuka. Kwa upande mwingine, cheche yenye nguvu huila metali zaidi. Hapo ndipo metali adimu zilipopata soko. Nikeli huyeyuka kwa nyuzi 1,455 za Selsiasi, platini kwa 1,768, na iridi kwa takriban 2,446. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji wa Japani waliingiza sokoni plagi za platini kwa magari ya kawaida, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Denso ilitoa elektrodi ya iridi yenye kipenyo cha milimita 0.4 tu.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 1990 yaliongeza wajibu wa kudumu kwa kiwango cha moshi hadi miaka 10 au maili 100,000. Kuanzia modeli ya mwaka 1996, kila gari jipya dogo nchini Marekani lililazimika kuwa na mfumo wa kompyuta unaotambua silinda inayokosa kuwaka na kumwashia dereva taa ya tahadhari. Si sadfa kwamba ahadi ya maili 100,000 ya Cadillac ilitolewa kati ya miaka hiyo miwili, na kwa idadi ileile ya maili iliyomo katika sheria.

Maelezo mengine yanaweza kutolewa. Injini zilizofungwa kwa kukingama zilifanya plagi za nyuma kuwa ngumu kufikiwa, na gharama ya fundi ikawa kubwa kuliko bei ya plagi. Ushindani wa kampuni za Japani nao ulichangia. Sababu hizo zina uzito, lakini zinaeleza kwa nini wanunuzi waliipokea plagi idumuyo. Hazielezi kwa nini iliwezekana kiufundi na kibiashara katika wakati uleule risasi ilipoondolewa.

Upo mfano wa kulinganisha unaoipa hoja hii nguvu. Ndege ndogo za pistoni nyingi bado hutumia petroli ya daraja la 100LL, yenye risasi. Baadhi yake hufungwa plagi za iridi za bei kubwa. Pamoja na hayo, plagi zake bado hufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara katika ukaguzi wa kawaida, kama zilivyofanyiwa plagi za magari zamani. Metali ni bora, petroli haikubadilika, na desturi ya kusafisha imebaki.

7.0 Mjadala

Matokeo haya yana maana kwa historia ya teknolojia katika Afrika Mashariki, eneo lililopokea plagi idumuyo bila kushiriki katika sheria zilizoizaa. Azimio la Dakar la Juni 2001 liliweka lengo la kuondoa petroli yenye risasi katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 lengo hilo lilikuwa limetekelezwa. Azimio hilo kwa kawaida husimuliwa kama tukio la afya ya umma, na ndivyo linavyostahili. Kwa mtazamo wa makala haya, lilikuwa pia tukio la kiufundi: ndilo lililoruhusu magari yaliyotumika kutoka Japani kuishi na katalisti zake na plagi zake kama yalivyobuniwa.

Hata hivyo, sehemu moja ya mfumo husafiri polepole kuliko vipuri, nayo ni ujuzi wa matengenezo. Ujuzi wa fundi wa plagi ulijengwa juu ya nikeli: kufungua, kusugua kwa brashi ya waya au msasa, kugonga elektrodi ya pembeni ili kurudisha mwanya. Ni ujuzi uleule uliolindwa na hukumu ya mwaka 1947, na bado unafaa kabisa kwa plagi ya nikeli ya pikipiki. Kwa elektrodi ya iridi ya milimita 0.4, kazi hiyohiyo huvunja ncha. Plagi iliyobuniwa kudumu kilometa 160,000 huweza kuuawa kwa dakika moja na mkono unaotaka kuihudumia. Lawama haimstahili fundi. Plagi idumuyo ilibuniwa katika mfumo uliokusudia isiguswe, na ilihamishiwa katika mfumo ambamo kuigusa ndiyo kazi. Hapo palipo na pengo hilo ndipo penye nafasi ya utafiti zaidi, hususan katika karakana za mijini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uimara wa plagi ulipatikana kwa awamu tatu zenye sababu tofauti. Tatizo la kihami lilitatuliwa na sayansi ya kauri kwa msukumo wa usafiri wa anga na vita. Tatizo la kuchafuka lilitokana na risasi na likaisha risasi ilipoondolewa kwa sheria. Tatizo la kulika kwa elektrodi lilipata dawa iliyokuwa ikijulikana kwa miongo kadhaa, pindi mtengenezaji wa gari alipoanza kuwajibika kwa moshi wa gari lake kwa miaka mingi baada ya kuliuza.

Kwa hiyo, jibu la swali lililoulizwa katika anwani ni kwamba kabla ya mwaka 1970 mwenye gari ndiye aliyeihitaji plagi idumuyo, naye hakuwa na nafasi ya kuiagiza. Sheria ya moshi ilihamisha hitaji hilo kutoka kwake na kuliweka kwa mtengenezaji. Kwa watafiti wa uimara wa vipuri vingine, viwe betri, matairi au vifaa vya kielektroniki, funzo la kimbinu ni hili: baada ya kuuliza kipuri kimetengenezwa kwa kitu gani, waulize pia ni nani anayelipa kinapokufa, na ni nani anayelipwa.